Mkunga wa Shangani na mshipi mnene usiosaidia

Kisa ni cha fundi pikipiki mmoja wa Mtwara mjini, kijana wa miaka 20 na kitu, aliyetaka kuvua mkunga, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, kutoka nchi kavu, juu ya majabali ya Shangani, bila mtumbwi wala ngalawa. Msimu mzima wa kaskazi alipoteza ndoana na nyuzi nyingi kuliko samaki aliowapeleka nyumbani. Kisha usiku mmoja, masika yakikaribia, alimnasa mkunga wa maana, akampoteza pangoni, akampata tena, na mwisho wa yote akaumwa kidole.

Kesho yake kijiweni kila mtu alikuwa na sababu yake. Mmoja alisema nyuzi za madukani siku hizi ni feki. Mwingine akasema kijana hana nguvu za mikono. Akatokea na wa tatu aliyedai pale jabalini pana mwenyewe, na mwenyewe huyo hapendi watu wa usiku. Mimi nilikuwepo, kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kunyamaza, na katika sababu zote tatu sioni hata moja inayoeleza nilichokiona. Uzi ulikuwa mzima, mikono ilikuwa na nguvu, na huyo mwenyewe wa jabali, kama yupo, alituachia samaki wawili.

Kwanza mahali. Anayeijua Shangani kwa kuogelea tu hajaijua. Ukiuacha ufukwe wa mchanga ukafuata majabali, unakanyaga matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu, magumu, yenye ncha zinazotafuna soli ya kandambili. Mawimbi yameula ukingo kwa chini, kiasi kwamba ukisimama juu, maji yanaingia hadi chini ya nyayo zako. Mbele ya ukingo kuna mawe yaliyoporomoka, matumbawe hai, na matundu kila upande. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hukupwa karibu saa nne asubuhi, na hapo wachokoaji wa pweza, wengi wao kina mama, hupita na michokoo yao. Hao ndio wenye ramani ya kweli ya pale. Watakuonesha tundu la pweza, watakuonesha na tundu la mkunga, na watakwambia wapi usitie mkono hata ukiona mnyiri wa pweza unakupungia. Mkunga hula pweza, ndiyo maana wawili hawa hawakai mbalimbali.

Mchana mkunga amejificha. Usiku hutoka au huchungulia, na anachokifuata zaidi ni harufu, si kuona. Mwili wake umeumbwa kwa ajili ya tundu: hauna magamba, una utelezi, na huogelea kinyumenyume bila shida yoyote, jambo ambalo changu au chewa hawezi kulifanya kwa kasi ile. Mara nyingi kichwa ndicho kinachotoka, mkia umebaki ndani. Hilo la mkia naomba msomaji alishike, kwa sababu kisa chote kinaning'inia hapo.

Sasa zana. Fundi alianza na mshipi wa nailoni wa milimita 0.7, aliouzungushia kwenye chupa ya plastiki. Mwisho wa mshipi alifunga plagi mbovu ya pikipiki iwe chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi, maana plagi mbovu karakana haikosi na haimgharimu kitu. Juu ya plagi akaning'iniza ndoana mbili kwenye vitawi vifupi, chambo dagaa. Ni mtindo wa kuvulia changu na tasi kwenye maji yenye mchanga, na huko hauna kosa. Kwenye mwamba, ndoana mbili maana yake ni nafasi mbili za kunasa mawe, na plagi ni ya tatu, kwa sababu ina shingo na kichwa, na kila ufa wa jabali unaipenda. Kila alipokwama alivuta, na mshipi ulikatika palipokuwa dhaifu, yaani popote uliposuguliwa na jiwe. Mara nyingine palikuwa karibu na ndoana. Mara nyingine palikuwa katikati, akabaki na nusu ya mshipi.

Akafanya ambalo watu wengi hulifanya: akanunua mnene zaidi. Milimita 1.2. Dukani wakamwambia huo unavuta hata papa, na kwa kiasi fulani hawakumdanganya, kwani nailoni ya unene huo hubeba zaidi ya kilo 60, wakati ile ya kwanza ilikuwa ya kilo 25 hivi. Tatizo ni kwamba mwamba nao hauvuti wala hauchoki. Plagi ikinasa kwenye ufa, mtu aliyesimama usiku kwenye jabali lenye utelezi hawezi kuvuta kilo 60 kwa viganja vyake. Nailoni itamkata nyama kabla haijakatika yenyewe. Kwa hiyo akawa anakata kwa kisu pale aliposimama, na mshipi mzima unabaki baharini na ndoana zake, ambako hauozi na ambako kasa au samaki mwingine atakuja kujifunga. Hasara ikawa kubwa kuliko ya mwanzo.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona hitilafu. Uzi mnene unajibu swali la samaki mzito. Yeye alikuwa na swali la chubwi iliyonasa, na jibu la swali hilo ni kuwa na kipande kimoja dhaifu kwa makusudi, ili mahali pa kukatikia pachaguliwe na mvuvi na si na mwamba.

Aliyelileta jibu hilo ni mjomba wake, anayekaa Msanga Mkuu na huvuka kuja mjini kwa kivuko. Kwa Wamakonde mjomba akisema jambo, mpwa hajibishani naye, angalau si mbele za watu. Mzee alikuta lile lundo la plagi kwenye ndoo, akacheka, akauliza: "Mpwa wangu, wewe unavua au unafungua karakana huko chini?"

Akaagiza katani. Mkoa wa Lindi ulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na katani ya kusuka kamba haijawa kitu adimu huku kusini. Mzee alichambua kamba, akachomoa nyuzi chache, akazisokota kwa kiganja juu ya paja, akazijaribu kwa kuvuta. Alitaka uzi unaobeba jiwe bila wasiwasi wakati wa kulirusha, lakini unaokatika kwa mkono mmoja ukivutwa kwa nguvu. Jiwe lenyewe alichagua la ukubwa wa ngumi, refu kidogo, lenye kiuno katikati ili uzi usiponyoke. Mawe ya bure yamejaa ufukweni, na jiwe likibaki baharini limerudi kwao.

Na mpangilio ukawa huu. Mwisho wa mshipi mnene wa 1.2 pamefungwa kile kichuma cha dukani kinachozunguka pande mbili ili uzi usijisokote, maana mkunga akinaswa hujizungusha mwili mzima na huweza kuusokota mshipi mpaka ukawa kamba ya ovyo. Kwenye kichuma hicho inaning'inia katani yenye jiwe, urefu wa dhiraa moja. Pembeni yake, kipande cha waya kifupi kuliko katani, na ndoana moja tu kubwa. Waya fundi aliutoa kazini kwake: alifumua kebo ya klachi iliyochakaa, akachukua nyuzi kadhaa za chuma, akazisokota upya. Hushika kutu haraka, ila kwa usiku mmoja au miwili inatosha, na meno ya mkunga hayaupiti.

Mjomba hakubadilisha unene wa mshipi. Aliuacha uleule mnene. Alichokiongeza ni kitu dhaifu, cha bure. Nimewaona vijana wakiukwepa mpangilio huu kwa kuwa hauna sura ya kitaalamu, lakini huko Uingereza wavuvi wa fimbo wanaomtafuta mkunga wa Ulaya kwenye miamba ya pwani wanafanya jambo hilohilo: uzi dhaifu kwa chubwi, uzi mnene kwa samaki, na baadhi yao chubwi yao ni plagi mbovu, sawa na fundi wetu. Huko mkunga ni kitu kizito kweli. Rekodi yao ya kuvua kutoka kwenye boti ni ya mwaka 1995, samaki wa ratili 133, zaidi ya kilo 60. Wa kwetu wa miambani hawafiki huko, lakini mwamba unawalinda wote kwa namna moja.

Chambo kilikuwa nusu ya kibua kibichi, upande wa kichwa na matumbo, kimefungwa kwenye ndoana kwa uzi wa kushonea ili kaa wasikinyofoe. Dagaa mkavu hana harufu ya kutosha majini. Ngisi ni mzuri pia, ila bei ya ngisi Mtwara inafaa mezani kuliko ndoanani.

Juu ya maji na mwezi sitasema mengi. Zilikuwa siku chache baada ya bamvua ya mwezi mpevu, maji yakajaa kati ya saa moja na saa mbili usiku, na mwezi haukutoka mpaka saa nne na ushei. Giza na maji makubwa vikakutana mapema, watu wakiwa bado na nguvu. Kusi likishaanza kuvuma mahali pale hapasimamiki usiku, na nisingemshauri mtu.

Mjomba alikuwa amepita hapo siku za bamvua, maji yalipokupwa, akaangalia chini. Alichokitafuta hakikuwa matundu. Alitafuta mchanga. Kati ya ukingo na lundo la mawe la nje kuna kijia cha mchanga, upana wa pima 2 hivi (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na mzee aliweka alama juu ya jabali kwa chokaa ili ajue asimame wapi na arushe upande gani gizani.

Fundi hakuifuata alama hiyo. Yeye ndiye aliyefika kwanza pale jioni, na akaangusha mshipi wake moja kwa moja chini ya ukingo, kwa hoja kwamba matundu yako pale na mkunga yuko matunduni. Hoja hii ina sura ya akili. Ndiyo iliyomponza.

Mshipi ulipita juu ya kidole chake cha shahada, nami nikauona kwa mwanga wa tochi. Changu akila utasikia vipigo vya haraka, anagonga, anaacha, anagonga. Kilichokuja kilikuwa kitu kingine: uzi ulikaza polepole, ukalegea, ukakaza tena na kubaki na uzito. Fundi, kwa mazoea ya changu, alimpa uzi kidogo ili ameze. Zilipita sekunde chache tu. Alipovuta, mshipi haukurudi hata shubiri.

"Limenasa tena, mjomba," alisema, na mkono tayari umekwenda kwenye kisu.

Mzee aliweka kidole juu ya mshipi uliokaza, akatega kama mtu anayesikiliza mlango. "Hili si jiwe. Jiwe halitetemeki. Weka kisu."

Tusimame hapa kwanza, kwa sababu hapa ndipo samaki alipopotea, na kijiweni hakuna aliyepataja. Chambo kilitua mlangoni kwa mkunga. Hakuhitaji kutoka. Alitoa kichwa, akachukua, na mkia ulikuwa bado ndani umeshikilia kona za pango. Fundi alipompa uzi, alimpa nafasi ya kurudi nyuma, na kurudi nyuma ndiyo kazi anayoijua kuliko zote. Akishaingia, hujikunja na kujipanua hadi mwili unabana kuta, na kila ukivuta anabana zaidi. Wakati huo uzi wa kilo 60 na uzi wa kilo 200 ni mamoja. Utakachokipata kwa nguvu ni ndoana iliyonyooka au taya lililochanika. Nguvu ingefaa katika sekunde ya kwanza, mkia ukiwa haujapata pa kushika, na hata hapo ingefaa zaidi kama chambo kingekuwa mbali na mlango.

Alichokifanya mjomba baada ya hapo ni kulegeza. "Mlegezee. Mwache aone umekwenda." Mshipi ukalazwa juu ya jabali, umelegea kabisa, fundi akiushika kwa vidole viwili tu ili asikie. Kulegeza ni kugumu kuliko kuvuta. Kila mtu pale alitaka kufanya kitu. Dakika kama tano zikapita, mzee akaukaza tena, akaupiga kwa kidole kama uzi wa zeze, mara kadhaa, tukasikia mlio wake mdogo, kisha akalegeza upya. Mtikisiko ule hushuka hadi kwenye ndoana na kumsumbua samaki bila kumpa kitu cha kushindana nacho. Huwa haufanyi kazi kila mara. Mikunga wengine hukaa ndani mpaka asubuhi.

Huyu alitoka. Tuliona kwa sababu mshipi uliolegea ulianza kwenda kando, kuelekea kwenye mchanga, bila haraka. Mzee alisema neno moja: "Nyuma!" na fundi akarudi nyuma hatua baada ya hatua, mshipi mkononi, badala ya kuvuta mkono kwa mkono. Hatua tatu kubwa zinamwondoa samaki pima nzima kutoka chini ya ukingo kabla hajageuka, na mikono peke yake isingemudu kasi hiyo. Nieleze tu kwamba njia ile ya kurudi nyuma walikuwa wameikagua kabla ya giza na kuondoa mawe yanayobiringika. Kurudi nyuma usiku juu ya majabali usiyoyajua ni kujitafutia kuvunjika.

Katani ilikatika yenyewe mahali fulani katika safari hiyo, jiwe likabaki. Hakuna aliyeona. Kilichokuja juu kilikuwa samaki na waya tu, bila kitu cha kunasa ukingoni, na hiyo ndiyo faida ya pili ya uzi dhaifu ambayo watu huisahau: hauokoi zana peke yake, humwachia pia samaki njia safi ya kupanda.

Alikuwa mkunga mwenye madoa meusi yaliyobanana mwilini kote, mrefu kupita mita moja, mnene wa mkono wa mtu mzima. Tochi ilionesha kwamba nyuma ya kichwa hakuwa na mapezi ya pembeni. Alama hiyo ina maana kubwa. Kwa Kiswahili tunawaita wote mkunga, lakini yule asiye na mapezi ya pembeni ndiye mwenye meno marefu yaliyopinda kuelekea ndani, na huyo ana jambo jingine la ajabu kooni. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Marekani, Rita Mehta na Peter Wainwright, walionesha kwamba ana taya la pili ndani ya koo, lenye meno yake, ambalo huruka mbele, humshika windo na kumvuta kuelekea tumboni. Samaki wengi humeza kwa kunyonya maji. Huyu huburuta.

Fundi alimshika nyuma ya kichwa kwa kitambaa ili atoe ndoana. Kwa samaki mwingine ingekuwa sawa. Mkunga alijifunga fundo kwa mwili wake mwenyewe, akalisukuma lile fundo kuelekea kichwani, na kichwa kikarudi nyuma kupitia katikati yake. Hufanya hivyo pia akitaka kunyofoa nyama ya windo kubwa. Kitambaa kikateleza, na kidole cha kati cha mkono wa kulia kikaingia mdomoni.

Silika ni kuchomoa mkono. Kwa meno yaliyopinda ndani, kuchomoa ndiko kunakochana. Mjomba aliukanyaga mwili ili usijisokote, akaingiza mpini wa kisu kinywani kupanua taya, kidole kikatoka na michubuko mirefu miwili na tundu kadhaa. Damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda. Wakakiosha kwa maji safi na sabuni iliyokuwa kwenye mfuko wa mzee, wakakibana kwa kitambaa kisafi, na asubuhi kijana akaenda kituo cha afya akasafishwa tena, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa ya kuzuia usaha. Vidonda vya kinywa cha samaki huharibika haraka kwenye joto letu, hata vikionekana vidogo, na kungoja vivimbe kwanza ni uzembe. Jambo jingine: damu mbichi ya mkunga yenyewe ina sumu, ambayo moto huiondoa, lakini haifai kuingia jichoni wala kwenye kidonda kibichi.

Kuumwa huku hakukuwa na ulazima. Waya ule wa kebo ulikuwa wa bure na ndoana ni ya bei ndogo. Kukata waya mbele ya mdomo, kumpiga samaki kichwani na kuitoa ndoana akishakufa, hiyo ilitosha. Mzee alisema baadaye alidhani mpwa anajua. Mimi nadhani alikuwa amefurahi mno, naye si malaika.

Usiku uleule, mkono umefungwa, mjomba alirusha mshipi wake kutoka kwenye alama ya chokaa hadi kwenye kijia cha mchanga. Chambo kililala katikati ya mchanga, pima moja hivi kutoka kwenye tundu lolote. Alipoguswa hakutoa hata shubiri ya uzi: alikaza papo hapo na kurudi nyuma. Samaki alipanda moja kwa moja, hakuna pango, hakuna zeze. Alikuwa wa aina nyingine, mwili wa kijivu wenye mikanda mipana ya giza, mapezi mawili ya pembeni nyuma ya mashavu, na mstari mweusi juu ya mdomo. Huyo ndiye ndugu wa mkunga wa Ulaya katika bahari yetu, kitaalamu Conger cinereus, na mikanda ile humtokea usiku. Ni mdogo kuliko ndugu yake, mrefu sana hufika mita 1.3 au 1.4.

Samaki mmoja hathibitishi jambo, najua. Huenda angepanda hata kama chambo kingekuwa mlangoni. Lakini ukiweka kando bahati, tofauti kati ya mishipi miwili usiku ule ilikuwa mahali pa chambo na sekunde za mwanzo. Unene ulikuwa sawa, ndoana sawa, kibua kilekile. Wanaosema tatizo lilikuwa nguvu wanatakiwa waeleze kwa nini mzee wa zaidi ya miaka 60 hakuzihitaji. Na kuhusu chambo kuwa mbali na tundu, mkunga hapungukiwi kitu: maji yanapotembea huchukua harufu hadi pangoni, naye huifuata. Akiifuata ametoka mzima, na mkia wake uko mchangani ambako hakuna kona ya kushika.

Mkunga wa madoa hakuliwa wote. Mkiani ana mifupa myembamba mingi, kwa hiyo sehemu ya mbele ndiyo iliyoingia kwenye mchuzi wa nazi. Mjomba ana desturi ya kutokula mkunga mkubwa sana wa miambani, na desturi hiyo ina msingi. Kuna sumu inayoanzia kwa vijimea vidogo mno vya kwenye matumbawe, ikapanda kwa samaki wadogo, kisha ikajikusanya kwa wala nyama wakubwa na wazee. Haina harufu, haina ladha, na kupika hakuiondoi. Aliyeipata husikia midomo na vidole vikichonyota, na kitu cha baridi humchoma kama moto. Wa mita moja na kitu mzee alimhesabu kuwa salama vya kutosha, kwa kipande kidogo kila mtu. Wa mita mbili angemrudisha.

Kidole kilipona, kina kovu. Fundi sasa anasokota katani mwenyewe na anarusha kutoka kwenye alama, na mishipi anayoiacha baharini imepungua sana. Kinachowagombanisha sasa ni ukingo. Nailoni bado inasuguana na ule ukingo uliolika kila samaki anapopandishwa, na kijana anataka anunue fimbo ndefu ya kuvulia ili mshipi upite mbali na jabali. Mjomba anasema fimbo itamfanya asimame palepale na asahau kurudi nyuma. Kwa upande wangu naona kijana ana hoja, ila fimbo ya bei nafuu itavunjika kwa mkunga wa kwanza, na ya bei ghali itamlazimu atengeneze pikipiki nyingi sana kwanza.